Mkanda wa pili ndio uliobaki na sauti ya mama

Mvua zilipozidi Peramiho, paa la chumba cha Mzee lilianza kuvuja. Binti yake wa kwanza, ambaye ni mwalimu mjini Songea, alikuja Jumamosi akiwa na mafundi wawili na bati sita. Kabla mafundi hawajapanda juu, vitu vyote vilitakiwa kutoka nje. Kitanda kikatoka, kabati likatoka, na mwisho likaburutwa sanduku la mbao ambalo lilikaa chini ya kitanda kwa miaka. Ndani yake mlikuwa na mikanda ya video zaidi ya sitini. Mingine ilikuwa imeota ukungu mweupe.

“Baba, haya matakataka tuyachome,” binti alisema. “Hata deki ya kuchezea hatuna.”

Mzee ana miaka 71 na si mtu wa maneno mengi. Hakujibu. Alifunga kifuniko, akakaa juu ya lile sanduku na mkongojo wake katikati ya magoti, akabaki hapo mpaka bati la mwisho lilipopigiliwa.

Watu wa rika lake wanalijua sanduku hilo. Peramiho ni mji mdogo uliokua kuizunguka misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1898, kilomita zipatazo 24 kutoka Songea. Kuna abasia, kuna hospitali kubwa, kuna shule na chuo cha ufundi, kwa hiyo tangu zamani pana watu wengi waliotoka mbali na ambao jioni hawana pa kwenda. Mzee alikuwa seremala. Mwaka 1992 aliona nafasi hiyo, akajenga banda la mabanzi, akatengeneza mabenchi kumi na mawili, akanunua televisheni moja, deki moja na jenereta ndogo ya petroli. Kiingilio kilikuwa shilingi chache tu, na watoto walilipa nusu.

Vijana wa leo huenda wasielewe uzito wa jambo hilo. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994. Deki na mikanda vilianza kuingia kwa wingi baada ya Serikali kulegeza biashara ya kuagiza bidhaa kutoka nje, katikati ya miaka ya 1980. Kwa watu wengi wa Bara, basi, mkanda wa video ulitangulia televisheni. Aliyekuwa na deki alikuwa na jumba la sinema.

Mikanda yenyewe ilitoka Dar es Salaam kwa basi. Ilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Rangi zilikuwa zimefifia, na mahali pengine picha ilijaa chenga tupu. Tena ilikuwa michache. Banda la Mzee lilianza na mikanda saba, na wiki ikiwa na siku saba, kila mtu aliijua ratiba: Jumatatu Bruce Lee, Jumanne Rambo, Jumatano Jackie Chan, na kuendelea. Mwezi ukiisha, kila picha ilikuwa imerudiwa mara nne.

Uchache huo ndio uliozaa mashabiki wa kufa na kuzikana. Picha ikionyeshwa mara ishirini, watu hawaji tena kujua mwisho wake. Wanakuja kusema maneno pamoja na stelingi, kumwonya adui kabla hajatokea, na kumcheka mgeni anayeshtuka. Huko Marekani na Ulaya ilikuwa hivyo hivyo. Filamu kama Blade Runner ya mwaka 1982 haikufanya vizuri kwenye majumba ya sinema, lakini watu waliikodi kwenye mikanda, wakairudia nyumbani, wakaazimana, hadi ikapata wapenzi wanaoizungumzia mpaka leo. Mkanda uliwaruhusu watu wa kawaida kuchagua kipi kiishi, hata kama wenye sinema walikwisha kukizika.

Peramiho ilichagua filamu ya Kihindi iitwayo Sholay.

Sholay ilitoka India mwaka 1975. Waigizaji wake ni Amitabh Bachchan, Dharmendra, Hema Malini, Sanjeev Kumar na Amjad Khan. Inahusu wezi wawili marafiki wanaokodiwa na ofisa wa zamani wa polisi ili wamkamate Gabbar Singh, jambazi aliyemwulia familia na kumkata mikono yote miwili. Ni ndefu, inazidi saa tatu, kwa hiyo kwa Mzee ilikuja katika mikanda miwili. Mkanda wa kwanza ukiisha, taa iliwashwa, watu wakanunua karanga na mandazi kwa mke wake aliyekaa mlangoni, kisha mkanda wa pili ukaingizwa.

Shida ilikuwa lugha. Mabanda mengi ya wakati huo yalikuwa na mtafsiri, mtu anayekaa kando ya televisheni na kueleza kwa Kiswahili kinachosemwa. Banda la Mzee lilikuwa na kijana mmoja mwanafunzi aliyejua Kiingereza kidogo na kubahatisha kilichobaki. Siku moja kijana huyo alikuwa amekwenda kwao likizo, Mzee mwenyewe amelala na malaria, na watu wameshalipa. Mama akaacha beseni lake la karanga mlangoni, akaingia ndani, akasimama karibu na televisheni.

Hakujua Kihindi hata neno moja. Aliishia darasa la saba. Lakini Sholay alikuwa ameiona kutokea mlangoni mara nyingi kuliko mteja yeyote, na hadithi alizirithi kwa bibi yake. Akaanza kama mtu anayeanza hadithi jioni, watu wakamwitikia, na kuanzia usiku huo yule mwanafunzi hakuwa na kazi tena siku za Sholay.

Katika kinywa cha Mama, jambazi Gabbar Singh hakuitwa Gabbar Singh. Watu wake wanapokuja kijijini kuwanyang’anya wakulima nafaka, Mama aliona kitu ambacho kila mkulima wa mahindi wa Ruvuma anakijua, mtu anayekuja na debe lake mwenyewe lililotutumka, anapima magunia yako na kukwambia hayajafika kumi. Akamwita Bwana Debe. Jina likashika. Mjini Peramiho hakuna aliyesema anakwenda kuangalia Sholay. Walisema, “Leo kuna Bwana Debe.” Wauguzi walibadilishana zamu ili wasiikose. Mafundi wa chuo walikariri maneno yake wakiwa kwenye randa. Mchuuzi aliyepunja watu kwenye dagaa wa Nyasa sokoni aliitwa kwa jina hilo mpaka akahama.

Filamu hiyo ina miisho miwili. Mtengenezaji wake, Ramesh Sippy, alipiga mwisho ambao yule ofisa asiye na mikono anamwua jambazi kwa miguu yake, lakini wakaguzi wa filamu wa India wakataka ubadilishwe, polisi watokee na kumzuia. Peramiho ilikuwa na mwisho wa tatu. Jambazi akiwa chini, Mama alimfanya yule ofisa aseme, “Sikuui. Kwanza rudisha mahindi ya watu.” Benchi zote kumi na mbili zilisimama zikapiga makofi. Mwisho huo haukuwahi kuwapo mahali pengine popote duniani.

Mwaka 1997 Mzee aliazima deki ya pili na kipaza sauti cha kwaya. Akaunganisha nyaya, na usiku mmoja, nyumbani, Mama akaitafsiri Sholay yote, picha ikinakiliwa kwenye mikanda miwili mipya pamoja na sauti yake. Asubuhi Mzee alichukua bisibisi akavunja kile kipande kidogo cha plastiki kilichoko ubavuni mwa mkanda. Kikishavunjwa, deki haikubali kurekodi juu yake. Aliivunja yote miwili, akaandika juu yake kwa kalamu ya wino: BWANA DEBE 1, BWANA DEBE 2.

Mabanda hayakuua mikanda, wala mikanda haikufa siku moja. Jijini Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alikuwa ametoka kwenye kutafsiri mbele ya watu na kuanza kuuza picha alizozitafsiri tayari. Nakala zake zilisafiri hadi mikoani. Filamu za Kitanzania nazo zikashika kasi: Girlfriend ya George Tyson mwaka 2003, na za kutisha za Mussa Banzi kama Nsyuka na Shumileta. Kisha zikaja CD na DVD. Sahani moja ilibeba picha nyingi, haikuhitaji kurudishwa nyuma, na bei yake ilikuwa ndogo. Baada yake ikaja flashi, baada ya flashi ikaja simu. Watu walipata picha nyingi kuliko walivyowahi kuota, na kila mtu akaangalia ya kwake, mara moja, akafuta ili apate nafasi ya nyingine.

Banda la Mzee lilifungwa mwaka 2006. Mabenchi aliyauza kwa kanisa dogo la kigango. Mwaka 2014 Mama aliugua, akafariki. Mwaka 2016 kampuni ya Funai ya Japani, ambayo ndiyo iliyokuwa imebaki ikitengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo, miaka 40 tangu kampuni ya JVC ilipoingiza mfumo huo sokoni. Miaka miwili baadaye Songea iliunganishwa na Gridi ya Taifa. Umeme wa kuwasha deki ulipopatikana kwa uhakika, deki zenyewe zilikuwa zimekwisha.

Jioni ile ya kuezeka paa, mjukuu wa Mzee, msichana wa kidato cha pili, aliuliza kwa nini babu ameng’ang’ania sanduku. Alipoambiwa habari za Bwana Debe, alicheka, akatoa simu ya mama yake.

“Babu, picha yenyewe hii hapa. Tena safi, haina chenga hata moja.”

Mzee alivaa miwani. Akaangalia kama dakika kumi bila kusema neno. Kisha akairudisha simu taratibu.

“Siyo hii,” alisema. “Hii wanaongea Kihindi.”

Hapo ndipo binti yake alipoelewa. Sauti ya mama yake haikuwapo mahali pengine. Picha za harusi zilikuwapo, picha ya kitambulisho ilikuwapo, lakini familia ile haikuwa imewahi kuirekodi sauti ya mama yao kwa sababu nyingine yoyote. Akalifungua sanduku yeye mwenyewe. Akaikuta BWANA DEBE 2, ukungu umeanza pembeni. Akaitafuta BWANA DEBE 1, akaikuta nayo. Lakini kwenye ubavu wake, pale palipovunjwa kile kipande, palikuwa pamezibwa kwa karatasi ya gundi iliyogeuka rangi.

Alimtazama baba yake.

Mzee alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema. Ilikuwa Januari 2001. Binti huyo huyo alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, na ada ilikuwa haijatimia. Akatokea mtu aliyekuwa anafungua banda lake Mbinga, akataka anakiliwe picha ya kung fu, basi linaondoka alfajiri, na fedha mkononi. Duka zima la Peramiho halikuwa na mkanda mtupu. Mzee akaangalia kwenye rafu. Kuziba tundu kwa gundi ni kazi ya dakika moja. Deki inadanganyika, inadhani kipande kipo.

“Nilirekodi juu ya sauti yake,” alisema. “Yule mtu alilipa, na asubuhi hakuuchukua mkanda wenyewe, alitaka mpya, nikampelekea baadaye. Huu ukarudi hapa.”

“Baba, kwa nini huu?”

“Mwanangu, wakati ule mama yako alikuwa jikoni anapika. Mtu ataweka akiba ya sauti ambayo iko jikoni? Nilisema tutarekodi tena.”

Hawakurekodi tena.

Kosa hilo si la Mzee peke yake. Mkanda ulikuwa ghali, na baadhi ya kile watu wa Afrika Mashariki walichowahi kukitengeneza kwenye video kilifutwa na watu wenyewe ili kupisha kingine. Hata baada ya zama za mikanda mambo hayakubadilika. Katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, Nabwana I.G.G. alitengeneza filamu ya mapigano iitwayo Who Killed Captain Alex? mwaka 2010. Filamu hiyo ina wapenzi dunia nzima sasa. Lakini nakala yake ya asili haipo. Aliifuta kwenye kompyuta kwa kukosa nafasi ya kutengenezea filamu iliyofuata. Iliyobaki ni ile iliyowekewa maneno na mtafsiri wao, VJ Emmie, anayetania na kupiga kelele juu ya picha mwanzo hadi mwisho. Wapenzi wa filamu hiyo hawajui nyingine, na wengi hawaitaki nyingine. Picha ya asili imepotea, na sauti ya mtafsiri ndiyo iliyoiokoa.

Juma lililofuata binti aliibeba mikanda yote miwili hadi kwa fundi mjini Songea. Fundi alikataa kwanza kuugusa mkanda wa pili. Mkanda wenye ukungu, alieleza, usiingizwe kwenye deki kabisa. Unachafua hedi, unaweza kunasa na kukatika, na ukungu ule unahamia kwenye mkanda mwingine utakaofuata. Aliuacha siku kadhaa mahali pakavu penye hewa. Kisha akafungua skrubu tano za ganda, akatoa magurudumu mawili ya ndani, akafuta kingo kwa kitambaa laini kikavu, akayahamishia kwenye ganda safi. Deki aliipata kwa kuunganisha deki tatu zilizokufa: moja ilitoa mota, moja ilitoa hedi, na mkanda wa mpira uliolegea akauwekea mwingine. Deki akaiunganisha na kompyuta, ili kama mkanda ungekatika baada ya kucheza mara moja tu, ile mara moja iwe imehifadhiwa.

Mkanda wa kwanza ulikuwa kung fu mwanzo hadi mwisho. Binti aliomba uchezwe wote, pengine mwishoni pamebaki kipande. Hapakubaki.

Mkanda wa pili ulianza kwa chenga. Halafu ikasikika mvua juu ya bati, mtoto akikohoa, na sauti ya mwanamke iliyo karibu sana na kipaza sauti, ikisema kwa upole, “Mama, usikanyage huo waya.” Baadaye ndipo alipoanza kutafsiri.

Binti alitoka nje ya kibanda cha fundi. Mwaka ule alikuwa na miaka kumi, na mama yake alipenda kumwita hivyo, mama, kama wazazi wengi wanavyowaita binti zao. Tangu mwaka 2014 hakuna aliyemwita hivyo kwa sauti ile.

Kwenye misa ya kumwombea Mama mwaka huo, ndugu na majirani walikaribishwa nyumbani. Baada ya chakula, runinga iliwekwa uani na flashi ikachomekwa. Walikuja watu ambao familia haikuwaalika: muuguzi mstaafu, seremala wawili, mwendesha bodaboda aliyekuwa mtoto wa kulipa nusu. Binti alisimama akaeleza kwamba kipo kipande cha pili tu, cha kwanza kilipotea. Hakusema kilipoteaje. Mzee alinyanyuka kwa mkongojo wake, akasema mwenyewe.

Uani pakawa kimya. Kisha yule muuguzi akasema, “Basi cha kwanza tusimulie sisi.”

Wakaanza. Mmoja alikumbuka jinsi Bwana Debe alivyoingia kijijini. Mwingine akampinga, akasema kabla ya hapo Mama alikuwa anaeleza habari ya debe lililotutumka, maana bila hiyo mwisho hauna maana. Wakabishana juu ya neno moja kwa robo saa. Mahali pengine walikwama wote, hakuna aliyekumbuka, wakaruka. Mjukuu alikuwa ameshika simu, akirekodi. Walipofika mwisho wa mkanda wa kwanza, mtu mmoja akauliza karanga ziko wapi, watu wakacheka, na flashi ikawashwa.

Yapo maneno waliyoyasema pamoja na Mama, na yapo waliyoyasahau wakayasikia kama mapya. Lakini alipokufa yule stelingi anayechezwa na Amitabh Bachchan, uani hapakuwa na aliyesema neno. Vijana wa banda walikuwa na msemo wao, stelingi hafi, na zamani kuna aliyewahi kudai kiingilio chake kirudishwe kwa sababu ya kifo hicho. Kwenye mkanda Mama naye alinyamaza. Ilisikika mvua tu. Halafu akasema, “Jamani, tumwache alale.”

Watu walipoondoka, Mzee alimwita mjukuu, akaomba aione ile flashi. Akaigeuza mkononi, akaipitisha kidole ubavuni, upande huu na upande ule.

“Hiki kina kile kipande cha kuvunja?”

“Cha kuvunja, Babu?”

“Ili mtu asirekodi juu yake.”

“Hapana, Babu. Hiki mtu yeyote anaweza kufuta.”

Mzee alifikiri kidogo, akamrudishia.

“Basi nitengenezee tatu,” alisema. “Na moja apewe yule muuguzi.”